JE, WAJUA? Vyuma, Mawe na Upepo Vinavyoimba

Sanamu inayozunguka, kugonga na kulia inaweza kutokana na vitu vilivyotuzunguka tu. Mkoa wa Mara unavyo tele.

Je, wajua kwamba...

• Moru, kusini mwa Seronera ndani ya Serengeti, pana mwamba wenye vishimo vilivyochimbika kwa kugongwa na mawe miaka mingi? Ukigonga hapa na pale, mlio hubadilika. Miamba ya namna hiyo ipo pia kisiwani Lolui, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria.

• Mpiga nyatiti wa Kijaluo ana sauti tatu kwa mpigo? Vidole hucheza kwenye nyuzi nane, pete ya chuma ya kidole cha mguu hugonga ukingo wa ala, na njuga hulia mguuni. Nyuzi zilizokuwa za kano za ng'ombe leo ni nailoni, ile ile ya wavuvi.

• Mwaka 1913 Marcel Duchamp alipachika gurudumu la baiskeli juu ya kigoda, likawa sanaa ya kuzungusha? Gurudumu kama hilo halikosekani kwa fundi baiskeli wa Bunda.

• Tarehe 17 Machi 1960, jijini New York, Jean Tinguely aliwasha mtambo wa magurudumu ya baiskeli na piano kuukuu, ukapiga kelele na kujibomoa kwa dakika 27?

• Msanii Zimoun wa Uswisi hujaza kumbi maboksi yanayogongwa na mota ndogo, mamia kwa pamoja, hadi usikie kama mvua juu ya bati?

• Bomba la chuma la mita 1 hulia vizuri likining'inizwa sentimita 22 hivi kutoka kila ncha? Ukilishika katikati, mlio hufifia. Ukilikata nusu, sauti hupanda oktavu mbili.

• Musoma mchana upepo hutoka ziwani, usiku hutoka nchi kavu? Sanamu ya nje ingepata nguvu bure. Ukumbini, kanyagio la baiskeli linatosha.

• Butiama ina Makumbusho ya Mwalimu Nyerere tangu 1999? Mafundi wa Musoma na Bunda wakipewa kona moja pale, mtoto atakanyaga, vyuma vitaimba, naye atajifunza fizikia na muziki wa kwao kwa wakati mmoja. Kazi hiyo inastahili kuanza sasa.