Mofini Haimfanyi Mgonjwa Kuwa Teja

"Mwalimu, tukimpa mofini si atakuwa teja?" Naulizwa Njombe, naulizwa Makambako, na anayeuliza aghalabu si ndugu aliyemleta mgonjwa kutoka Mawengi. Ni muuguzi mwenye cheti.

Anayeogopewa ni nani? Ni mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwishafika kwenye mifupa ya nyonga, anayesaga meno usiku kucha. Teja huisaka dawa hata inapomharibia maisha. Mama huyu anatafuta usingizi. Akipata nafuu anaomba uji na kuulizia watoto. Ni kweli mwili utaizoea mofini. Huenda dozi ikahitaji kupandishwa, na ikikatwa ghafla atatetemeka na kuharisha, kwa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo. Mwenye kifafa naye hakatishwi vidonge ghafla. Nani amewahi kumwita teja?

Uganda iliruhusu tangu 2004 wauguzi waliosomea huduma shufaa waandike mofini wenyewe. Kwetu, Taasisi ya Saratani Ocean Road huitengeneza ya maji, ya kunywa. Inasikitisha dawa ikifika hadi kabatini halafu izuiwe na woga wetu.

Tena kuna la "haumwi huyo, mbona amelala?" Amelala kwa kuchoka! Wanawake wa huku wamelelewa kujikaza hata uchungu wa uzazi unapowabana. Ukisubiri kilio utasubiri sana. Wengine humdunga maji ili kumjaribu kama anadanganya. Acheni. Hata mwenye maumivu ya kweli anaweza kutulia kidogo kwa kuamini tu kwamba ametibiwa, hivyo jaribio hilo halithibitishi lolote, na akigundua hatakuamini tena.

Unayemuuguza ndugu yako, dai haya. Aulizwe mwenyewe, aoneshe kwa vidole: ngumi ni hakuna maumivu, vitano ni yasiyovumilika. Jibu liandikwe kwenye faili kama presha inavyoandikwa. Yakiwa madogo, panadoli, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Diklofenaki, kama figo na tumbo vinaruhusu. Yakiwa makali, mofini ya kunywa kila baada ya saa 4, bila kungoja aombe, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, maana mofini hufunga choo. Kichefuchefu kwa kawaida huisha baada ya siku chache. Akisinzia hata kuamka ni shida, au akipumua polepole mno, asipewe dozi nyingine. Mwite daktari mara moja. La sivyo, muuguzi arudi baada ya saa moja, aulize tena: vidole vingapi?