Shanta la Safari Ndefu: Mzigo Ukae Nyongani, Si Mabegani

Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilayani Ngara. Wengi walikuja kwa miguu, wamebeba mikeka, masufuria, magodoro na watoto, vichwani, mabegani na migongoni. Desemba 1996 umati mkubwa wa watu hao ulirudi kwao kwa barabara ileile, mizigo ikiwa juu ya miili yao. Aliyeishuhudia misafara ile anajua kwamba msafiri wa dharura hachagui chombo cha kubebea. Hubeba kwa kilichopo. Lakini sisi tunaosafiri kwa hiari, na tuna wiki nzima ya kujiandaa, tuna udhuru gani wa kumtwisha mtoto wetu begi litakalomuumiza?

Swali hili limetujia baada ya safari ya likizo ya Juni, tulipofuatana na vijana 14 wa madrasa kutoka Rulenge hadi Ngara mjini, mwendo wa siku mbili wa kupanda na kushuka vilima. Miongoni mwao alikuwamo binti wa miaka 16 ambaye baba yake aliuza maharage ili amnunulie begi jipya mnadani. Lilikuwa begi la kupendeza: kubwa, linang'aa, lenye zipu tano. Kijana mwingine alibeba shanta kuukuu la mtumba, rangi imepauka, ambalo wenzake walilicheka tangu alfajiri. Tulipowapimia mizigo kabla ya kuondoka, kila mmoja alikuwa na kilo 11.

Kufikia Alasiri, binti yule alikuwa na alama nyekundu mabegani, na vidole vya mkono wa kulia vimeingia ganzi. Asubuhi ya pili mkanda mmoja ulichomoka kwenye mshono, na wenzake wakagawana vitu vyake. Yule wa shanta lililopauka alifika anazungumza kama aliyetoka kisimani. Jioni ile binti hakulalamikia maumivu. Alisema jambo moja tu, kwamba hajui atamwelezaje baba yake. Ndipo tulipoona kuwa jambo hili si dogo. Familia ilikuwa imetoa ilichonacho, na hapakuwa na mtu wa kuishauri.

Mwili hubebaje?

Babu zetu walilijua jambo hili kabla ya mashanta. Katika misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walipenda kubeba begani, na wale wa pwani kichwani. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Ilionekana kwamba waliweza kubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Utafiti mwingine, uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa 2010, haukuuona unafuu huo, na wanawake waliobeba kichwani walilalamikia shingo. Ubebaji wa kichwani, basi, ni ustadi wa aliyeuzoea tangu utotoni, na shingo haiachi kulipa gharama yake.

Shanta zuri hufanya kazi kwa njia nyingine. Huuchukua mzigo na kuukalisha juu ya mifupa ya nyonga, ambayo ndiyo mipana na imara, kisha miguu ikaubeba. Mikanda ya mabega kazi yake ni kulizuia shanta lisianguke nyuma. Begi la yule binti halikuwa na mkanda wa kiunoni. Kilo zote 11 zilining'inia mabegani, zikabana mishipa ya fahamu ipitayo chini ya kwapa na mtulinga, na hiyo ndiyo sababu ya ganzi.

Kupima kabla ya kulipa

Jambo la kwanza la kupima ni urefu wa mgongo, si urefu wa mtu. Mwambie mtoto ainamishe kichwa. Utaona mfupa unaochomoza chini ya shingo. Kisha ashike kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekea nyuma, juu ya mifupa ya nyonga. Pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye mfupa ule hadi usawa wa vidole gumba. Urefu huo ndio unaopaswa kulingana na umbali kutoka pale mikanda ya mabega inapoanzia hadi kwenye mkanda wa kiunoni. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kutofautiana, mmoja ana miguu mirefu, mwingine ana mgongo mrefu. Begi la kaka si lazima limfae dada.

La pili ni ujazo, unaohesabiwa kwa lita. Kwa safari ya kulala usiku mmoja au mitatu, lita 30 hadi 50 zinatosha; kwa siku nyingi zaidi, lita 50 hadi 70. Wazazi wengi hununua kubwa mno kwa kudhani wanapata faida. Ukweli ni kwamba begi kubwa huomba kujazwa, na nafasi inayobaki hujazwa na vitu visivyohitajika. Mtu mzima mwenye afya asizidishe sehemu moja ya tano ya uzito wake. Kwa mtoto, kiasi kinachoshauriwa sana ni asilimia 10 hadi 15: mwenye kilo 30 abebe kilo tatu hadi nne na nusu. Kipimo hicho kitumike hata kwa begi la shule la kila siku.

La tatu, jaribu likiwa na uzito. Muombe muuzaji mawe, mchele au chupa za maji za kilo nane hivi. Funga mkanda wa kiunoni kwanza, juu ya nyonga na si tumboni, kisha kaza ya mabega kidogo tu. Tembea, panda ngazi, inama. Ukiweza kupitisha vidole chini ya mikanda ya mabega bila taabu, mzigo umekaa nyongani.

Mtumba au jipya?

Tusione haya kuuchagua mtumba. Mashanta mengi ya kutembelea milimani yaliyotumika Ulaya huishia katika masoko yetu, na baadhi yake ni bora kuliko mapya ya bei ya chini. Ila yakaguliwe. Ingiza mkono mgongoni mwa begi uhisi kama kuna pao za alumini au ubao wa plastiki wa kulishikilia. Minya sponji ya mikanda: ikibonyea isirudi, imekwisha. Tazama ndani, utando wa kuzuia maji ukinata au ukibanduka kama ngozi ya nyoka, litavuja. Vuta kwa nguvu mahali mkanda wa bega unaposhonewa, kwa kuwa hapo ndipo la yule binti lilipoachia.

Begi zuri lililochanika lisitupwe. Fundi viatu mwenye uzi wa nailoni hushona mkanda ukawa imara kuliko awali, na ukanda wa kiti cha gari chakavu, pamoja na kifungo chake, hugeuka mkanda mzuri wa kiunoni.

Tahadhari moja ni muhimu, hasa kwetu tunaoishi mipakani: epukeni mabegi yenye rangi za mabaka ya kijeshi, hata yakiwa rahisi. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kuyasalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Kijana asiingie matatani kwa sababu ya begi.

Kupanga na kuvaa

Vitu vyepesi kama shuka na nguo za kulalia vikae chini. Vizito, yaani chakula, sufuria na maji ya akiba, vikae katikati, vikigusana na mgongo. Vikikaa mbali, vitamvuta mbebaji nyuma kila anapopanda. Juu kabisa viwepo vinavyohitajika njiani: koti la mvua, dawa na msala. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ulizeni mapema visima viko wapi, na mkumbuke maji ya udhu katika hesabu hiyo. Kwa kuwa mvua za Ngara hazisubiri ruhusa, tandikeni nailoni nzito ya kuuzwa kwa mita ndani ya shanta kabla ya kupanga vitu.

Mabinti na kina mama wanaovaa buibui wafunge mkanda wa kiunoni juu ya vazi, baada ya kulilegeza kidogo ili hatua isibanwe. Pini za ushungi zisikae chini ya mkanda wa bega. Mwendo wa saa moja tu huzigeuza kuwa sindano.

Na anayetamani kutembea katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa 2019 kwa kuyaunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, akumbuke kwamba humo haingii mtu kwa miguu kiholela. Wamo tembo, nyati na simba. Apitie kwenye malango, aombe kibali na afuatane na askari wa hifadhi.

Tulimpeleka binti yule nyumbani sisi wenyewe, na tukamweleza baba yake kwamba kosa halikuwa la mwanawe wala lake. Mzee alilitazama begi kwa muda, akauliza kama lingefaa kuwekea nguo za watoto. Tukamjibu kwamba lingefaa sana. Wiki chache baadaye alituita sokoni, ameshika shanta la mtumba lisilo na mng'aro wowote, huku bintiye amesimama kando na futi ya fundi cherehani mkononi. Alikuwa ameshapima mgongo wake. Likizo ijayo, Inshallah, tutakuwa naye tena njiani.