Lishe na nguvu ya misuli uzeeni

Dalili ya kwanza aghalabu huonekana nyumbani, si hospitalini. Mzee aliyekuwa akiinuka kitini bila taabu sasa hushika magoti, hujisukuma kwa mikono, na hutulia kidogo kabla ya kupiga hatua. Jamaa zake husema ni umri tu. Humwekea mto mgongoni na kumsihi asijisumbue, kwani kila kitu ataletewa alipo.

Nia yao ni njema. Hata hivyo, utafiti uliofanywa kwa zaidi ya miaka 30 unaonyesha kwamba udhaifu huo hautokani na umri peke yake. Chakula anachokula mzee huchangia, na mapumziko hayo anayopewa kwa heshima huchangia pia.

Misuli iliyoshikamana na mifupa, ile inayomwezesha binadamu kutembea, kubeba mzigo na kusimama, huchukua karibu asilimia 40 ya uzito wa mtu mzima mwenye afya. Haikai kama ilivyo. Kila siku mwili hubomoa sehemu ya misuli na kuijenga upya kwa kutumia asidi za amino, yaani chembe zinazopatikana baada ya protini ya chakula kusagwa tumboni. Misuli pia ni ghala la akiba: mtu anapougua sana au anapokosa chakula, mwili huchota protini humo ili kuendesha viungo vingine.

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, ubomoaji huanza kuushinda ujenzi, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Mwaka 1989 daktari wa Marekani, Irwin Rosenberg, alipendekeza hali hiyo iitwe sakopenia, jina linalotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyama ya mwili na upungufu.

Kushiba si kulishwa

Misuli ya mzee haiitikii chakula kama ya kijana. Kiasi cha protini kinachotosha kuamsha ujenzi katika mwili wa kijana hakitoshi katika mwili wa mtu wa miaka 70, ambaye huhitaji gramu 25 hadi 30 katika mlo mmoja. Kwa sababu hiyo, kundi la wataalamu wa kimataifa lijulikanalo kama PROT-AGE lilipendekeza mwaka 2013 kwamba mtu aliyezidi umri wa miaka 65 apate gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mzee wa kilo 60, hizo ni gramu 60 hadi 72.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki hesabu hiyo haifikiwi, hata pale ambapo hakuna njaa. Asubuhi ni chai na andazi, mchana ni ugali au wali wenye mchuzi mwepesi, na jioni ni uji. Mzee ameshiba, lakini ameshiba wanga. Meno yakipungua, nyama ngumu huwa ya kwanza kuachwa. Na ipo desturi ya babu au bibi kubakiza kitoweo pembeni ya sahani kwa ajili ya wajukuu, ingawa kwa hakika yeye ndiye anayekihitaji zaidi ya vile watu wanavyodhani.

Tiba ya upungufu huu si lazima iwe ghali. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, glasi ya maziwa ina gramu 8, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi. Dagaa wakavu, kwa uzito ule ule, wana protini nyingi kuliko nyama mbichi, na wakisagwa huweza kuchanganywa katika mchuzi wa mtu asiye na meno.

Mahindi nayo yana kasoro yake: yamepungukiwa na laisini, mojawapo ya asidi za amino ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Maharage yana laisini kwa wingi, na kile kinachopungua katika maharage hupatikana katika mahindi. Makande, ambayo Wakenya huyaita githeri, hubezwa na wengi kuwa chakula cha shule na cha maskini. Kwa upande wa misuli, ni mlo wenye akili kuliko mkate mweupe na siagi.

Jaribio la Boston

Lakini chakula peke yake hakijengi misuli. Mwaka 1994 Daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika makao ya wazee mjini Boston, Marekani. Walishiriki wazee dhaifu 100, wenye umri wa miaka 72 hadi 98. Baadhi yao walipewa mazoezi ya kusukuma uzito kwa miguu, wengine kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, na waliosalia hawakupewa hata kimoja.

Baada ya wiki 10, nguvu ya misuli ya waliofanya mazoezi ilikuwa imezidi maradufu. Waliopewa kinywaji bila mazoezi hawakupata nafuu ya maana katika nguvu zao. Ni kweli kwamba kinywaji hicho kilikuwa na wanga zaidi ya protini, lakini somo lilibaki: kazi ndiyo inayouamuru mwili ujenge, na protini ndiyo malighafi ya ujenzi huo.

Kinyume chake pia kimepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watu wazima wenye afya, wenye umri wa wastani wa miaka 67, walilazwa kitandani kwa siku 10. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Mzee anayetoka wodini baada ya malaria au nimonia hurudi na hasara ya namna hiyo, kisha nyumbani huambiwa aendelee kulala.

Kwa wanaoishi ughaibuni kuna jambo la ziada, nalo ni jua. Vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua, ikipungua sana misuli ya mapaja na nyonga hulegea. Nchini Uingereza, watu wenye asili ya Kiafrika wanashauriwa kufikiria kutumia maikrogramu 10 za vitamini hiyo kila siku mwaka mzima, kwa kuwa ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Katika nchi za Ghuba jua ni tele, ila wengi hulikimbia kwa sababu ya joto, na mavazi hufunika sehemu kubwa ya mwili.

Mwenye maradhi ya figo asiongeze protini kabla ya kumwuliza daktari, maana huenda ikamdhuru. Na mzee anayekonda kwa haraka ilhali anakula vizuri apelekwe kupimwa: kifua kikuu, kisukari na saratani huila misuli vilevile, na hayo hayatibiwi kwa mayai wala maharage.