Je, Wajua? Umeme, Kifafa na Mawasiliano ya Ubongo

Je, wajua kuwa katika tiba ya mshtuko wa umeme, umeme wenyewe siyo dawa? Dawa ni kifafa, na umeme kazi yake ni kukiwasha. Mwaka 1934 mjini Budapest, daktari Ladislas Meduna alikuwa akiwadunga wagonjwa wake kafuri ili wapate kifafa, bila waya hata mmoja.

Je, wajua umeme uliingilia wapi? Machinjioni. Profesa Ugo Cerletti wa Roma alisikia kuwa nguruwe wanauawa kwa umeme, akaenda kujionea. Akakuta umeme unawaangusha tu na kuwatetemesha. Kinachoua ni kisu. Aprili 1938, yeye na Lucio Bini wakamtibu mtu wa kwanza, aliyekamatwa na polisi akitangatanga kituo cha treni. Cerletti mwenyewe alisimulia baadaye kuwa mtu yule alipinga katikati ya tiba, nao wakaendelea.

Je, wajua inavyofanyika leo? Mgonjwa hupewa nusu kaputi, kisha dawa ya kulegeza misuli. Sasa, mwili ukishalegea, daktari atajuaje kuwa kifafa kimekuja? Kabla ya kuitia dawa hiyo, hufunga mkanda wa kupimia presha kwenye kifundo cha mguu mmoja na kuujaza upepo, damu isipite, dawa isifike huko. Umeme wa miliampia 800 au 900 hupita kwa sekunde chache. Mwili mzima umetulia tuli; unyayo mmoja ndio unaotikisika, kwa nusu dakika hivi, pengine dakika nzima, huku mawimbi ya ubongo yakijichora kwenye mashine. Walioijua tiba hii kwa filamu ya One Flew Over the Cuckoo's Nest ya 1975 hawakuonyeshwa unyayo huo. Kuifanya bila nusu kaputi, Shirika la Afya Duniani limeshasema haifai.

Je, wajua kifafa peke yake hakitoshi? Mwaka 1993, Harold Sackeim na wenzake wa New York walitoa matokeo yaliyowashangaza wengi. Wagonjwa wa sonona waliopitishiwa umeme mdogo upande wa kulia tu wa kichwa walipata kifafa kamili, ila waliopata nafuu walikuwa asilimia 17. Umeme mdogo vilevile, ukipitishwa pande zote mbili: asilimia 65. Kumbe njia inayopitiwa nayo ina neno.

Je, wajua ubongo wa mtu aliyepumzika haupumziki? Mwaka 1995 huko Marekani, Bharat Biswal aliona kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, kuwa sehemu za ubongo zinazoendesha mkono wa kulia na wa kushoto hupanda na kushuka pamoja, hata mwenye mikono akiwa amejilaza tu. Wataalamu wakisema sehemu mbili “zimeunganika”, mara nyingi wanamaanisha mwendo huo wa pamoja. Hakuna waya waliouona.

Je, wajua tiba ya umeme inaweza kupunguza mawasiliano hayo badala ya kuyaongeza? Mwaka 2012, watafiti wa Aberdeen, Scotland, walipima wagonjwa wa sonona kali kabla na baada ya tiba. Sehemu ya mbele kushoto mwa ubongo, iliyokuwa imeshikamana kupita kiasi na sehemu nyingine, ililegea, na dalili zikapungua. Wagonjwa walikuwa 9 tu, kwa hiyo tusishangilie mapema.

Je, wajua MRI inaweza kutabiri nani atapona? Uholanzi, mwaka 2015, wagonjwa 45 walipimwa kabla ya kutibiwa. Mtandao mmoja wa sehemu ya mbele ya ubongo uliwatambua asilimia 84 ya waliokuja kupona, na asilimia 85 ya wasiopona. Hata hivyo bado si kipimo cha kawaida wodini. Daktari mzoefu huangalia dalili mbili zisizohitaji mashine: umri mkubwa, na sonona iliyofika mahali mgonjwa anasikia sauti au anaamini yasiyokuwepo. Hao ndio huitikia vizuri zaidi.

Je, wajua hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hutanuka baada ya tiba? Mwaka 2018, mradi wa kimataifa unaoratibiwa kutoka Bergen, Norwei, ulithibitisha hilo kwa wagonjwa 281. Hapo wengi wangefunga mjadala: ubongo umekua, mtu amepona. Lakini wale ambao hipokampasi zao zilitanuka zaidi hawakuwa ndio waliopona zaidi. Na wakati huohuo, kusahau ndiyo lalamiko kubwa la waliotibiwa.

Je, wajua kupona si mwisho wa matibabu? Katika utafiti wa Sackeim wa mwaka 2001, waliopona kisha wakapewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 84 walirudiwa na sonona ndani ya miezi 6. Waliomeza dawa mbili, notriptilini pamoja na lithiamu, asilimia 39.