Damu Haina Kiwanda

Miongoni mwa maradhi yanayozungumzwa sana barazani na kueleweka kidogo, vidonda vya tumbo vimo mstari wa mbele. Mtu akipatwa na kiungulia huambiwa aache maharage. Akisikia moto chini ya kifua, lawama huangukia pilipili na achari. Mgonjwa hupewa maziwa, huchekwa kidogo, na mazungumzo hugeukia mambo mengine. Ndivyo tunavyoyachukulia Unguja na Pemba, na ndivyo nilivyokuta yakichukuliwa Matogoro, Songea, katika milima ambako mto Ruvuma huanzia safari yake ya kuelekea Bahari ya Hindi.

Hapo Matogoro, mwezi wa Julai 2018, katika baridi ya kumtesa mtu wa pwani, nilikuwa mgeni wa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya uuguzi. Kwa siku mbili nilishikwa na kizunguzungu kila nilipoinuka, na jasho jembamba likinitoka. Maumivu ya kutajika sikuwa nayo. Mzee hakuniuliza nimekula nini. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, choo chako kina rangi gani?" Nikamjibu kuwa ni cheusi, chenye kunata kama lami. Papo hapo alimtuma kijana akatafute gari.

Swali lile linastahili kujulikana katika kila nyumba. Kidonda kikila ukuta wa mshipa, damu humwagika ndani ya tumbo, ikakutana na asidi na kusagwa kama chakula, ikatoka nyeusi. Mtu hutazamia wekundu, hauoni, akadhani ni uchovu. Wengine hutapika kitu kama machicha ya kahawa. (Vidonge vya kuongeza damu navyo hutia choo weusi, lakini havimwangushi mtu anaposimama.) Mwili wa mtu mzima una damu kiasi cha lita 5, na huo si mtungi mkubwa wa kuvuja usiku kucha.

Hospitalini mjini nilikutwa na gramu 6 za damu, ilhali mwanamume hutakiwa awe na 13 au zaidi. Nilitundikiwa maji na kupewa dawa ya kupunguza asidi, lakini daktari alisema wazi kwamba kilichotakiwa ni damu. Mifuko miwili ilikuwamo katika jokofu. Mingine miwili ilitoka katika mikono ya vijana wanaosomea ualimu, ambao hawakunijua kwa jina wala kwa asili. Damu yao ilibidi ipimwe kwanza ukimwi, homa ya ini na kaswende, na saa zile za kungoja nilizihesabu moja moja. Dawa hutengenezwa kiwandani; damu haina kiwanda ila mwili wa binadamu mwingine.

Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini kuwa vidonda hivi huletwa na mawazo mengi na vyakula vikali. Mwaka 1982, huko Perth nchini Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kuotesha kijidudu kiishicho tumboni, ambacho leo huitwa Helicobacter pylori. Wenzao walipotia shaka, Marshall alikinywa mwenyewe mwaka 1984, na baada ya siku chache tumbo lake likawaka. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho huuawa kwa antibayotiki mbili zikiandamana na omeprazoli, kwa muda wa wiki mbili hivi. Basi aliyezoea kunywa maziwa miaka kumi na aende akapimwe.

Chanzo cha pili kimo madukani. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni hupunguza ute unaoukinga ukuta wa tumbo. Mvuvi mwenye mgongo mbovu, mpagazi wa bandarini, bibi mwenye magoti yanayomuuma, wote huzinunua moja moja kama peremende, bila kuulizwa umri wala historia ya tumbo. Parasetamoli haichubui tumbo namna hiyo, lakini nani dukani huwaeleza? Maofisa wanaosimamia maduka ya dawa hukagua leseni ukutani. Ingefaa wasikilize pia maneno yanayosemwa juu ya meza ya kuuzia.

Kwetu visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Matogoro niliokolewa na gari na umbali mfupi wa kufika mjini. Mgonjwa wa Tumbatu au wa Kojani hana budi kuvuka maji kwanza, na kidonda kinachotoka damu hakingoji mashua. Wakuu wa afya, damu ingali ipo katika jokofu la hospitali iliyo karibu na gati usiku wa Ijumaa? Na boti ya kumvusha mgonjwa ina mafuta?

Wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi. Shule zikifungwa, jokofu hupungukiwa. Mwanamume mwenye afya aweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Ramadhani, mfungaji hatarajiwi kutoa damu mchana. Basi gari la kukusanyia na liegeshwe karibu na misikiti baada ya tarawehe, na wakuu wa wilaya wawe wa kwanza kukunja mikono ya kanzu.