Pijo la Zamani Ndani ya Simu

Gari la Peugeot 404, ambalo Wakenya hulijua kwa jina la Pijo, lilianza kuuzwa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Lilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Gari la aina hiyo likisimama kwenye udongo mwekundu wa Butere, inakoishia reli ya kutoka Kisumu, linastahili picha nzuri, na simu ya kawaida inatosha kuipiga na kuihariri.

Kazi huanza na mwanga. Butere ipo kaskazini kidogo tu mwa Ikweta, hivyo adhuhuri jua huwa utosini: boneti na paa hung'aa kupita kiasi, magurudumu yakapotelea kizani. Sehemu iliyogeuka nyeupe tupu haina tena kitu cha kurudishwa, ilhali kivuli hufunguka kwa urahisi. Kwa sababu hiyo picha hupigwa mwangaza ukiwa umepunguzwa kidogo, hasa baada ya saa kumi na moja jioni. Mpigaji asilisogelee gari mno, maana lenzi pana ya simu huvimbisha pua yake na kuharibu mistari ya Pininfarina.

Rangi ndiyo huwaponyoka wengi. Udongo mwekundu huakisi wekundu wake kwenye milango, hasa ya gari jeupe. Simu, ikijaribu kuusawazisha, huweza kulitia gari lote ubuluu. Dawa ni kuongeza joto la rangi taratibu hadi udongo uonekane ulivyo. Programu ya Snapseed, inayotolewa bure na Google, ina kifaa cha kugusa sehemu moja tu, kama bampa au taa, na kubadili mwangaza wake bila kuathiri kwingine.

Baada ya hapo ubunifu una nafasi. Wengi hukimbilia rangi ya kahawia iliyofifia, lakini hiyo ni sura ya picha za kale kuliko gari lenyewe. Pijo la miaka ya 1960 hupendeza zaidi kwa nyeusi na nyeupe yenye chembechembe kidogo za filamu, kama picha za studio za wakati huo. Njia nyingine ni kulaza picha ya reli juu ya picha ya gari, ya juu ikiachwa hafifu, ili vyuma viwili vilivyobeba abiria wa magharibi mwa Kenya vikutane.

Waya wa umeme au mfuko wa plastiki ulioingia pembeni unaweza kufutwa. Kutu, mbonyeo na rangi iliyobanduka vibaki, kwani ndivyo vinavyoonyesha umri wa gari. Namba ya usajili ifichwe kabla ya picha kusambazwa, na nakala ya awali itunzwe. Picha ikikusudiwa kwa tangazo la kuuza gari, nakala hiyo ya awali ndiyo ya kumwonyesha mnunuzi.