Usukani ukicheza, msipande

Mwezi uliopita tulipanda pikapu kwenda sokoni, akina mama na watoto nyuma. Dereva alizungusha usukani karibu robo ndipo magurudumu yageuke. Tulipomwuliza akacheka: "Gari limezeeka tu, nimelizoea." Kwenye kona tukaingia mtaroni. Mungu alitusaidia, hakuna aliyeumia.

Tukamwendea fundi wetu hapa kambini, akatuonyesha. Kwanza pima upepo wa matairi na ukaze nati za magurudumu. Halafu, gari likiwa chini, limefungwa breki na kuwekewa mawe, mmoja atikise usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, mwenzake achungulie chini. Pale chuma kimoja kinapotikisika na cha pili hakifuati, hapo ndipo penye ugonjwa. Mara nyingi ni kichwa cha tairodi kimelika. Pengine ni boksi la usukani au bolti zake zimelegea.

Sasa jamani, kichwa kilicholika hakifungwi kwa mpira wala hakichomelewi. Kinabadilishwa. Wakati wa kufungua cha zamani hesabu mizunguko, kipya kirudi kwa mizunguko ile ile, na pini ya kuzuia nati iwe mpya. Mwisho magurudumu yapimwe yakae sawa, la sivyo matairi yataliwa upande.

Basi wazazi, kabla ya kupandisha watoto muulizeni dereva: usukani unacheza? Akicheka kama yule wetu, shukeni.